Kisirani Namba Arobaini na Moja

Diski ya kompyuta ya duka la rangi ilianza kugonga Jumatano, saa nne asubuhi. Ko, ko, ko. Mwenye duka, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rangi, alidhani kuna mteja anagonga kaunta kwa funguo, tabia asiyoipenda hata kidogo, akainua kichwa amkemee. Hakuna mtu. Akadhani panya. Akainama chini ya meza na ufagio mkononi, na hapo ndipo alipotambua kwamba mlio unatoka ndani ya kompyuta yenyewe, na moyo ukamlipuka.

Tuseme ukweli, kompyuta ile ilikuwa na haki ya kuugua. Ilikuja pamoja na mashine ya kuchanganyia rangi, zamani za kompyuta nene, ikiwa nyeupe kama maziwa. Sasa ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Haikujua mtandao, haikujua picha, haikujua muziki. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukumbuka. Mteja akitaka rangi fulani, Mama Rangi anaiambia mashine idondoshe matone kadhaa ya nyekundu, kadhaa ya manjano, kadhaa ya nyeusi ndani ya kopo la nyeupe. Kopo linatikiswa, kibao kinapakwa, mteja anatazama, na hesabu ya yale matone inahifadhiwa, mteja akubali au akatae. Miaka mitano baadaye akirudi na kusema "nipe ileile," anapewa ileile, si ndugu yake. Sifa ya duka ilikuwa hapo.

Wapo watu wanaosema rangi ni rangi tu. Hao ni watu ambao hawajawahi kuishiwa katikati ya ukuta.

Sasa, mfumo wa kompyuta ile ulikuwa wa kale mno, haukubali jina la faili lipite herufi nane, kisha nukta na tarakimu tatu basi. Herufi nane zinamtosha nani? Watu wana majina marefu, na vyeo juu yake. Kwa hiyo Mama Rangi, tangu mwaka wa kwanza, aliacha kuandika majina ya wateja akawa anaandika sifa zao. Kinyozi wa jirani akawa KIPARA. Bibi mmoja anayejua habari za kila nyumba kabla wenye nyumba hawajazijua akawa DOMOKAYA. Mwalimu mkuu aliyerudisha kila kopo akawa MLALAMIK, maana herufi za mwisho hazikuingia. Skrini ilimtazama yeye peke yake, wateja waliona kisogo chake tu, na kompyuta haina mdomo. Basi alikuwa akicheka mwenyewe nyuma ya kaunta, na wateja wakamsifu kwa uchangamfu.

Na mama mkwe wake alikuwa KISIRANI.

Tusimhukumu haraka. Mama mkwe yule alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alirudi nyumbani na mahakama yake. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kumpa mke wa mwanawe ilihusu mchuzi, nayo ilikuwa maneno mawili: "Chumvi ipo." Tangu mumewe afariki, miaka miwili iliyopita, aliishi peke yake katika nyumba kubwa iliyokuwa inabambuka rangi, na kila aliyemshauri aipake alijibiwa kwamba ukuta si wake. Halafu siku moja akaingia dukani, akasalimu kwa ufupi, akasema, "Nataka kupaka nyumba. Wewe si unauza rangi?"

Mama Rangi alishika kaunta asije akaruka. Miaka kumi na miwili alikuwa anangoja yule mama amtume kitu, chochote, hata chumvi. Rangi hii ikikubaliwa, na mimi nimekubaliwa: hivyo ndivyo alivyojiambia, na hakuwa anatia chumvi.

Kibao cha kwanza mama mkwe alikitazama mlangoni, akakitazama dirishani, akavuka nacho barabara kwenda kukitazama kivulini, akarudi akasema, "Inang'aa kama mtu aliyetoka kuoga." Mama Rangi akatabasamu kwa adabu, akageukia kibodi, akaandika KISIRANI.001. Lilimtoka tu. Na katika programu ile, jina ukishaliandika ndiyo umeliandika, hakuna kubadilisha.

Ikaendelea miezi minne. Kila Jumanne, saa tatu na nusu, mama mkwe alifika na mkoba wake mweusi, akaketi kwenye kiti cha mbele ya kaunta, akapimiwa vibao viwili au vitatu. "Hii imenuna." "Hii inataka kusema kitu lakini inaogopa." "Mimi nataka rangi iliyotulia, mwanangu, lakini isiyolala." Tone moja lipunguzwe, matone mawili yaongezwe. Kibao kikiwa kinakauka, walibishana: kama nguo zianikwe kwa ndani au kwa nje, kama mjukuu amekonda au amerefuka, kama mtangazaji wa taarifa ya habari anaijua habari yenyewe. Jioni Mama Rangi alimlalamikia mumewe mpaka chakula kikapoa. Na ilipofika namba arobaini na moja, mama mkwe alikishika kibao muda mrefu, akakiweka mezani, akasema, "Inafaa."

Mama Rangi alikwenda stoo akalia kidogo.

Fundi wa rangi akaanza kazi. Alimaliza mbele na upande mmoja, ndoo zikaisha, kwa sababu mama mkwe aliamuru mbele kurudiwe rangi mara ya tatu. Zilihitajika ndoo nne zaidi, na haraka, maana Jumamosi alikuwa anakuja dada mkubwa wa mama mkwe, mwenye ulimi wa kiwembe, ambaye hakuwa amekanyaga pale tangu msiba. Na sasa ni Jumatano, kompyuta inagonga ko, ko, ko, na Mama Rangi akiomba KISIRANI.041 anajibiwa kwamba faili halisomeki. Kuandika kwenye daftari alikuwa ameacha siku mashine ilipokuja. Aliona ni ushamba.

Alimpigia mumewe kwanza.

"Si mpake nyeupe tu," mumewe akasema.

"Sawa. Mwambie mama yako."

Hapo hapo mumewe akakumbuka ana kazi ya dharura mjini, akaingia mitini mpaka jioni.

Fundi wa rangi yeye alijaribu. Alibandua kipande cha ukuta akakipeleka kwenye duka jipya lenye mashine yenye jicho, ile inayotazama rangi na kuitambua. Jicho likatazama, likatambua, likachanganya kopo dogo. Fundi akapaka kiraka pembeni mwa nyumba, kikakauka. Mama mkwe akatoka, hakukisogelea hata.

"Hiyo ni ya zahanati," akasema, akarudi ndani.

Basi akaitwa Daktari. Hakuwa daktari wa watu; alikuwa fundi wa kompyuta aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kugusa mashine kabla ya kuilazia sikio. Alipiga magoti, akalaza sikio juu ya kompyuta ya chai, akafumba macho.

"Dada," akasema, "diski inakufa. Bado ina pumzi, lakini chache. Kila tukiisoma tunazimaliza. Tutafute diski nyingine, tuhamishe kila kitu kwa mara moja tu, halafu hii tuiage."

"Utapata?"

"Nitapata? Wewe subiri."

Alhamisi asubuhi alirudi kifua mbele. Alikuwa na diski mpya kabisa, ingali kwenye mfuko wake wa plastiki, nyembamba kama daftari la mfukoni. Akaeleza ukubwa wake kwa tarakimu ambazo Mama Rangi alizisikia kama umbali wa kwenda mwezini. "Hii," akasema, "inameza rangi zote za mtaa huu, na picha ya kila nyumba, na video ya fundi akiipaka."

"Kaka yangu, mimi nina faili elfu mbili. Zote pamoja hazifiki wimbo mmoja wa simu."

"Kubwa haiharibu, dada."

Binadamu akisema neno kama hilo afadhali aguse mbao. Kwanza diski ile haikuingia. Kompyuta ya chai ilikuwa na utepe mpana wenye mdomo wa meno mengi kama chanuo; diski mpya ilitaka mdomo mdogo kama wa ndege. Daktari akaenda kutafuta kiunganishi, akarudi mchana, akaunganisha, akawasha. Kompyuta kila ikiamka ilikuwa na desturi ya kuhesabu diski yake kabla ya kufanya lolote. Ikaanza kuhesabu. Ikahesabu. Mama Rangi akahudumia wateja watatu. Kompyuta bado imetoa macho, mstari mmoja kwenye skrini, haiendi mbele wala hairudi nyuma.

"Imekuwaje?"

Daktari alikuna kichwa. "Kompyuta za umri huu zilitengenezwa wakati diski kubwa ilikuwa ndogo. Kuna namba ambayo zikiifikia zinaishiwa vidole. Hii imepita namba hiyo mara mia moja na zaidi."

"Kwa hiyo umempa mtoto wa chekechea gunia la mchele ahesabu punje."

"Ndivyo."

Aliichukua diski, akaigawanya vipande vidogo kwenye kompyuta yake mwenyewe. Haikusaidia, ile ya chai ilisimama palepale, ikahesabu gunia zima. Akaidanganya kompyuta kwa kijiprogramu fulani ili diski ionekane ndogo. Hapo kompyuta ikakubali kuamka, Daktari akapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha skrini ikaandika kwamba diski hii haijulikani, haisomeki, haina kitu. Ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa siku hizi, na mfumo wa kale haukujua mtindo huo. Daktari akaipanga kwa mtindo wa zamani. Diski nayo ikagoma, ikasema kwa ukubwa wake mtindo ule hauifai. Ilikuwa kama kusuluhisha ndoa ambayo kila upande umeshafunga mizigo.

"Lila na fila hazitangamani," Daktari akasema saa kumi na moja jioni, akaketi sakafuni.

Mama Rangi alimtazama. "Kwa nini usitafute diski ndogo?"

"Dada yangu, duniani hakuna mtu anayetafuta diski ndogo."

"Mimi natafuta."

Daktari akaanza kukusanya nyaya zake. Akili ni nywele, na zake siku hiyo zilikuwa zimesimama.

Ijumaa asubuhi walizunguka wote wawili. Duka la kwanza waliulizwa kama wanatania. La pili, muuzaji akawaletea diski ndogo kuliko zote alizonazo, kwa heshima zote, nayo ilikuwa kubwa mara hamsini kuliko inayohitajika. La tatu waliambiwa diski za namna ile zilipelekwa kwenye vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo. Walikuwa wamekwishakata tamaa walipopita studio ya picha za vitambulisho, na bwana picha, mzee mwenye kutunza kila kitu kwa sababu hajui nini kitaulizwa kesho, akasikiliza shida yao mpaka mwisho. Akafungua droo. Akatoa kadi ya kamera ya zamani, nene kama biskuti.

"Kamera yake ilikufa," akasema. "Yenyewe nzima. Nafasi yake ndogo sana lakini."

Daktari aliipokea kwa mikono miwili. Kadi zile, alimweleza Mama Rangi njiani huku akikaribia kukimbia, huzungumza lugha ileile ya diski za kale. Ukiiwekea kiunganishi chake, kompyuta haitajua kama si diski. Na udogo wake ndio dawa.

Walipofika dukani, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkoba mapajani.

Haikuwa Jumanne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesikia rangi yangu imo ndani ya sanduku hilo na imegoma kutoka. Nimekuja kuiona ikitoka."

"Mama, hapa kuna vumbi, pengine upumzike nyumbani, tutakuletea..."

"Nilikaa na majalada ya mahakama miaka thelathini na moja. Vumbi gani utaniambia?"

Na kama vile Mama Rangi hajapata ya kutosha, Daktari akaanza kwa kuinua skrini na kuigeuza. Alitaka kufanyia kazi upande wa mbele, kwenye nafasi. Kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, skrini ile ilitazama kiti cha wateja.

Daktari alichomeka kadi na diski mgonjwa kwenye utepe mmoja, akalaza sikio, akanyoosha kidole kuomba utulivu. Kompyuta ikaamka. Ikaitambua kadi bila maswali. Daktari akabonyeza, na majina yakaanza kupita kwenye skrini kwa mpangilio wa herufi, taratibu, moja baada ya jingine, huku diski ikikohoa. Naye akawa anayasoma kwa sauti.

"BAHILI, moja. BAHILI, mbili."

"Daktari," Mama Rangi akasema, "soma kimoyomoyo."

"Nikisoma kimoyomoyo nasinzia, dada. Likikwama hata moja lazima nijue. BAHILI, tatu. DOMOKAYA, moja."

Mama mkwe alivaa miwani.

"Mama, nikuletee maji?"

"Nimekunywa."

"DOMOKAYA, mbili. Hawa ni watu au ni rangi?" Daktari akauliza, akacheka peke yake. Zikapita dakika ishirini. Akapita KIPARA. Mama Rangi aliomba umeme ukatike. Miaka yote hiyo ulikuwa unakatika wakati wowote. Siku hiyo ulitulia kama maji mtungini.

"KISIRANI, moja. KISIRANI, mbili. KISIRANI, tatu." Akaendelea. Kumi. Ishirini. "Lahaula! Kisirani huyu ana nyumba ngapi? Thelathini na tano... thelathini na tisa... arobaini..."

Ko. Ko, ko, ko.

Daktari akanyamaza. Diski iligonga, ikatulia, ikagonga tena. Akajaribu mara mbili, akatikisa kichwa. "Namba arobaini na moja haisomeki. Imeandikwa mwisho, mahali palipoumia. Bahati mbaya yake huyo bwana. Twende mbele." Akairuka, akaendelea na akina MLALAMIK na wenzake mpaka jina la mwisho. Lilipomalizika, diski ya kale ikatoa mlio mrefu kama wa mtu anayekaa chini baada ya safari, ikanyamaza, na haikuamka tena. Daktari akaitoa, akawasha kompyuta na kadi peke yake. Programu ya rangi ikafunguka, mashine ikaunguruma.

"Haya!" Daktari akasema, akisugua mikono. "Yote yamo, isipokuwa lile moja la kisirani. Faili la mama linaitwaje?"

Mama Rangi alikuwa na njia mbili na alizijua zote mbili vizuri. Angeweza kusema limepotea. Kompyuta ilikuwa mbovu, mashahidi wapo, lawama zingelala juu ya diski iliyokwisha kufa, na marehemu hajitetei. Nyumba ingebaki nusunusu, dada mkubwa angecheka, lakini jina lisingejulikana. Au angeweza kufungua namba arobaini, iliyokuwa karibu na ile ya mwisho pengine kwa tone moja, na ili kuifungua ni lazima aseme ni ya nani.

Akatazama mikono ya mama mkwe juu ya mkoba. Ncha ya kidole kimoja ilikuwa na rangi ya ukuta, iliyokauka. Mwanamke huyu, aliyekataa kusogelea kiraka cha zahanati, alikuwa anakwenda kuugusa ukuta wake mwenyewe. Mama Rangi akapiga moyo konde.

"KISIRANI ni wewe, mama," akasema. "Niliandika mimi, siku ya kwanza. Nisamehe."

Daktari aliokota bisibisi akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akairudisha.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ukiniacha peke yangu na karatasi, nitaisoma. Ukiniacha na skrini, nitazunguka kaunta niisome. Jumanne ya pili ulikwenda stoo kutafuta kopo." Alisema haya kwa sauti ya mtu anayesoma mwenendo wa kesi. "Siku hiyo ulinipimia namba tatu. Niliipenda palepale. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme inafaa. Nikaona jina langu. Nikasema, ahaa. Nimehukumiwa kabla sijasikilizwa. Basi kama kifungo nimeshapewa, acha na kosa nilifanye."

Mama Rangi aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nikakukatalia vibao," mama mkwe akaendelea. "Sita, saba hivi, vya kukukomesha. Nilikuwa nikirudi nyumbani nacheka njia nzima."

"Na vile vingine, mama? Vilikuwa arobaini na moja."

Mama mkwe alifungua mkoba, akatazama ndani kana kwamba jibu limo humo, akaufunga.

"Nyumba ile ina vyumba vitano, mwanangu, na mtu mmoja. Hapa pana kiti. Na pana mtu wa kubishana naye." Akakohoa. "Vile vingine nilikuja mwenyewe."

Miezi minne Mama Rangi alikuwa amekaa mkabala na mama huyu akihesabu matone, na hakuwa ameona kitu. Alizunguka kaunta bila kujua anakwenda kufanya nini, na alipofika akapiga magoti akalaza kichwa kwenye mapaja yaliyokuwa na mkoba, akalia waziwazi, si kidogo kama siku ile ya stoo. Mama mkwe alimwekea mkono kichwani, kidogo pembeni, kama mtu asiyezoea.

"Basi, basi. Utanilowesha mkoba."

"Nitamwambia Daktari alifute jina, mama."

"Asifute. Nimelifanyia kazi." Kisha akamgeukia Daktari. "Wewe, acha kukaza hiyo skrubu, itakatika. Fungua ya tatu."

"Ya tatu, mama? Nyumba si ilipakwa ya arobaini na moja?"

"Ni ileile. Kibao cha tatu niliondoka nacho kwenye mkoba, nikakiweka nyumbani. Nilimwambia huyu ongeza, nilimwambia punguza, mpaka nikamrudisha alipokuwa. Sikumaliza kwa sababu nimepata rangi. Nilimaliza kwa sababu dada yangu anakuja."

Daktari akafungua namba tatu. Mashine ikadondosha matone yake, kopo likatikiswa, Mama Rangi akapaka kibao. Fundi wa rangi akaitwa na kile kipande alichobandua ukutani. Wakavisogeza pamoja, wakavipeleka mlangoni, wakavipeleka dirishani, wakavuka barabara navyo mpaka kivulini, wote wanne, na Daktari aliyekuwa hana kazi tena hakutaka kuachwa nyuma. Vilipokauka, hakuna aliyeweza kusema kipi ni kipi.

"Imetulia," fundi wa rangi akasema.

"Lakini haijalala," akasema Mama Rangi, na mama mkwe akamtazama kwa jicho ambalo hakuwa amelitumia kwake hata mara moja tangu siku ya harusi.

Ndoo nne zilikuwa tayari saa tisa alasiri. Fundi akazipakia, akaondoka mbio kuwahi jua. Daktari akafunga vifaa vyake, na ile diski kubwa mpya akaitia mfukoni. Mama mkwe akasimama, akaweka mkoba begani, akafika mlangoni, akageuka.

"Huyo DOMOKAYA ni jirani yangu wa mkono wa kushoto?"

"Mama!"

"Nilijua." Akakaa kidogo pale kizingitini. "Jumanne nitakuja. Geti linataka rangi."

Geti lile lilikuwa zima. Lilipakwa mwezi uliopita, na rangi ilitoka duka hilihili. Wote wawili walilijua hilo.

"Rangi gani, mama?" Mama Rangi akauliza.

"Sijui. Tutaangalia. Na usinikimbize, ukuta ulichukua miezi minne, na geti ni chuma."

"Sikukimbizi, mama," akasema Mama Rangi, akijifuta macho. "Nitachonga vibao vingi."